Jinsi ya kuandika stori ya mfululizo kwenye simu ukiwa Dodoma, na simu yenyewe iwe ndani ya stori

Watu wenye stori kichwani hapa Dodoma ni wengi sana, kuna wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kuna watumishi waliohamia na wizara zao, kuna kinamama wa soko la Majengo, kuna madereva wa bajaji wanaosikia maongezi ya abiria kutwa nzima, lakini mtu akikaa kuandika utakuta amezaliwa Bahi, amekulia Bahi, alafu mhusika wake anaishi Masaki, kule Dar kwa matajiri, na anaendesha gari ambalo mwandishi hajawahi hata kulipanda. Mimi hilo linaniuma kweli. Kwahiyo hapa naeleza namna ya kuandika stori ya mfululizo, ile ya kutupia WhatsApp au Facebook sehemu kwa sehemu, iliyosimama hapa hapa katikati ya nchi, na yenye simu ndani yake kama maisha yetu yalivyo siku hizi.

Shika kitu kimoja kabla hatujaenda mbali. Simu siyo stori. Mtu kupokea meseji akashtuka siyo stori, hata uandike kashtuka mara kumi. Stori inaanza pale simu inapokanyaga kitu ambacho kwetu hakikanyagwi, heshima ya mkwe, siri ya mahari, jina la ukoo, utaratibu wa kutangaza msiba. Hapo ndo teknolojia na mila zinakutana uso kwa uso na hapo ndo uweke kalamu.

Na hii haijaanza juzi na simu za tachi. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, riwaya ya upelelezi, na simu imekaa mpaka kwenye jina la kitabu, enzi hizo simu ni ya mezani na wenye nayo wachache mno, ikilia tu ni tukio. Leo inalia kwenye mfuko wa mchunga mbuzi kule Chemba na hageuki hata kuangalia, sasa mtu anaogopa mambo mengine kabisa, anaogopa meseji iliyosomwa ikaachwa bila jibu, anaogopa skrinshoti. Msomaji wako anaishi na hofu hizo kila siku, ukimwandikia za 1965 hatakaa na wewe mpaka sehemu ya tatu.

Tafuta mgongano kwanza

Chukua karatasi uigawe katikati. Upande mmoja andika vitu vyote ambavyo simu imevileta kwa watu unaowafahamu, usiwaze makubwa, andika mikopo ya apu, tiki za bluu, statasi, grupu la familia, grupu la harusi, laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", kifurushi kinachokata saa sita usiku. Upande wa pili andika mambo ya nyumbani yasiyosemwa hadharani au yasiyofanywa mbele ya mtu fulani. Deni. Ugonjwa. Mahari. Baba halisi wa mtoto. Mkwe anaongeleshwaje. Habari ya kifo anapelekewa nani kwanza na anaipeleka nani.

Alafu vuta mistari kutoka huku kwenda kule. Kwa mfano statasi na kifo. Kwetu mama wa marehemu haambiwi hivi hivi, wanatafutwa watu wazima, wanakaa naye, wanaanza mbali, "mtoto anaumwa kidogo", mpaka mtu anafika kwenye neno lenyewe polepole huku ameshikwa mkono. Sasa binamu aliyeko Arusha kashaweka picha ya marehemu na mshumaa kwenye statasi saa moja kabla wazee hawajafika mlangoni, na mama ana simu mkononi anatafuta namba ya kuweka luku. Hiyo ni sehemu ya kwanza ya stori, na msomaji yeyote wa nchi hii ataelewa uzito wake bila wewe kuelezea chochote.

Mfano mwingine nauendeleza kidogo maana ndani yake kuna mengi. Apu za mikopo. Unapoipakua inaomba ruhusa ya kusoma majina yaliyoko kwenye simu yako, watu wengi wanabonyeza kubali bila kusoma, ukichelewa kulipa wanaanza kuwatumia meseji watu wako, huyu ni tapeli, mwambieni alipe. Hali ilifika mbali mpaka Novemba 2024 Benki Kuu ikatangaza orodha ya apu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Sasa mtengeneze mhusika, tumuite Neema, ana kazi ya mkataba pale Mtumba kwenye mji wa serikali, amekopa laki na nusu amalizie mchango wa kikoba, na wiki hiyo hiyo kijana kutoka Mpwapwa ameleta posa kwao Bahi. Wazee wamekaa wanaongea ng'ombe. Katikati ya mazungumzo simu ya mzee upande wa kijana inalia, meseji. Mzee macho hayaoni vizuri, anampa mjukuu asome, na mtoto anasoma kwa sauti kama anavyosoma darasani: binti huyu ni tapeli.

Angalia kilichotokea hapo. Ukiondoa mila linabaki deni la laki na nusu, jambo la kawaida. Ukiondoa simu, wazee wasingejua kabisa. Vikikaa pamoja tayari kuna binti ambaye thamani yake inajadiliwa kwenye kikao ambacho hayupo na anashushwa na mashine ambayo haimjui. Mada yako imeshatokea yenyewe, wala hukuhitaji kuandika sentensi ya "teknolojia imeharibu jamii". Hiyo sentensi usiiandike popote tafadhali.

Anayesoma na anayesomewa

Hapa nataka ukae sana kwasababu ni utajiri ambao waandishi wetu wanaupita tu. Vitabu vingi vinachukulia kwamba meseji ni siri ya mtu mmoja. Kwetu huku sivyo, vijijini simu ya mzee ni ya nyumba nzima, kuna mtu wa kumsomea, kuna mtu wa kumtumia hela kwa wakala, kuna mtu anayejua namba yake ya siri kuliko yeye mwenyewe. Anayesoma kwa niaba ya mwingine ana madaraka makubwa. Anaweza kuruka mstari. Anaweza kupunguza sifuri kwenye hela iliyoingia. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuamua bibi asijue kwamba mwanae hatarudi mwaka huu, na kwa mapenzi kabisa akatunga meseji nyingine hapo hapo, akawa anatunga kila wiki.

Jiulize kwa kila meseji kwenye stori yako: imeandikwa na nani, imetumwa na simu ya nani, imesomwa na nani, imesikiwa na nani. Jibu la maswali yote likiwa mtu mmoja, hiyo meseji bado nyepesi. Majibu yakiwa watu wanne tofauti, umepata sehemu nzima ya kuandika.

Na voisi noti usiisahau. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu sasa anatuma voisi ya dakika nne kwa Kigogo, anaanza na mbukwenyi, yaani salamu, kwa watu wote wa nyumba mpaka watoto, anauliza mvua, anauliza mifugo, jambo lenyewe linakuja mwishoni kabisa. Mjukuu aliyeko mjini anasikiliza kwa spidi mara mbili. Anazima kabla halijafika. Hilo nalo andika.

Grupu kama sura nzima

Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa huku kwetu mwaka 1917 na kufariki 1969, ndiye anayetajwa sana kwenye habari za ngonjera, yale mashairi ya watu kujibizana yaliyokuja kuenea sana mashuleni baada ya Azimio la Arusha. Mtu huyo huyo mwaka 1954 alishatoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Yani mtu mmoja aliandika mila za kwao na akashiriki kutengeneza umbo jipya la ushairi kwa ajili ya wakati wake, na alitokea hapa hapa. Nikiona kijana wa Chamwino anasema kwetu hakuna fasihi natamani nimkalishe chini nimweleze hili jambo tangu mwanzo.

Kujibizana kule leo kunaishi kwenye magrupu. Jaribu kuandika sehemu moja ambayo ni grupu tupu, hakuna "alisema" wala "alijibu", ni majina na maneno yao. Kila mtu awe na namna yake ya kuchapa, mjomba anaandika herufi kubwa zote, dada mkubwa anajibu kila kitu kwa mistari ya Biblia, kuna mmoja haongei ila anasoma kila kitu, na huyo ndo wa kumwangalia. Nyimbo za Wagogo zina sauti kadhaa kwa wakati mmoja, huyu anaongoza, wengine wanapanda, wengine wanashuka, sikiliza rekodi hata moja ya ngoma kutoka Chamwino kabla hujaandika sura hiyo, usikilize hasa nani ananyamaza na anarudi wakati gani, alafu wapange watu wa grupu lako hivyo.

Kuna umbo lingine nalipenda sana, orodha ya michango ya harusi. Kila Mtanzania anaijua, jina, ahadi, alichotoa, salio, na mweka hazina anaibandika upya kila jioni. Andika sura nzima kwa orodha hiyo. Siku ya kwanza baba mdogo ameahidi laki tatu. Siku ya nne bado hajatoa. Siku ya saba laki tatu imekuwa hamsini elfu. Siku ya tisa jina limeondoka. Siku ya kumi yupo mtu anaitwa "Mdau" katoa laki tatu taslimu. Hujaeleza ugomvi wowote na msomaji ameshajaza mwenyewe, atakuja inbox kukuuliza huyo Mdau ni nani.

Umbali umekufa, tafuta kingine

Stori nyingi za zamani zilisimama juu ya umbali. Barua inachelewa, mtu yuko safarini, siri inapona wiki mbili. Sasa fikiria treni ya SGR iliyozinduliwa 2024, Dar mpaka Dodoma ni chini ya masaa manne wakati basi lilikula siku nzima. Ile stori ya mume mwenye nyumba ndogo Dodoma na mke Dar, kazi ikamleta na serikali tangu ile hama hama ya 2016, inabidi ipangwe upya, mke akishuku saa tatu asubuhi mchana yuko stesheni. Hela nayo ni hivyo hivyo, tangu M-Pesa iingie nchini 2008 yule konda wa basi aliyebeba bahasha ya kijijini amepungua nguvu kwenye stori, na sehemu yake amekaa wakala wa kibandani, anayejua nani anamtumia nani shilingi ngapi kila mwisho wa mwezi. Wakala ni mhusika mzuri mno. Sijui kwanini watu hawamwandiki.

Ila usiseme umbali umeisha kila mahali. Kuna vijiji mtandao unashika chini ya mti mmoja tu, na watu wote wenye siri wanakutana hapo wakijifanya wanapumzika. Kiangazi cha kwetu ni kirefu, mvua ni msimu mmoja hivi wa Desemba mpaka Aprili, barabara za udongo zikikatika kipindi hicho mtu yuko kilomita thelathini na hafikiki. Tumia vyote viwili, kasi na kukwama, kwenye stori moja.

Kuiandika kwa ajili ya skrini

Hapa ni ufundi tu, nitaenda haraka. Meseji ndefu WhatsApp inakatwa na mtu anatakiwa abonyeze asome zaidi, kwahiyo mistari ya mwanzo ndo inaamua kama atabonyeza, usiipoteze kwa "ilikuwa asubuhi yenye jua kali". Anza ndani ya tukio. Aya fupi, mistari mitatu minne, maana kwenye skrini ndogo aya ya kitabu ni ukuta. Sehemu moja iwe ya kusomeka kwenye daladala kutoka Mtumba mpaka mjini. Andika namba ya sehemu juu, mtu akiforwadiwa ajue yuko wapi. Andika kwenye programu ya kuhifadhi maandishi siyo moja kwa moja kwenye grupu, simu ikizima imekula.

Kukatisha mwishoni ni kuzuri ila usimkatishe msomaji kwa uongo, ile ya "akafungua mlango, hakuamini alichokiona!!" alafu sehemu inayofuata ni paka. Ukifanya hivyo mara mbili hawatakuamini tena. Katisha kwenye swali ambalo lina jibu zito.

Wajapani waliwahi kuandika riwaya kwenye simu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2007 nusu ya riwaya kumi zilizoongoza kwa mauzo kule zilikuwa zimeanzia kwenye simu. Nasema hili kwa wale wanaoambiwa stori za WhatsApp siyo fasihi.

Lugha, na heshima ya watu wako

Wahusika waongee kama watu wa huku wanavyoongea. Kigogo kikiingia kiingie kwa sababu, salamu, wimbo, hasira, maneno ya bibi, na usikitafsiri kila mara, weka pembeni yake jambo linaloonyesha maana. Kama hukijui kaa na anayekijua, usibahatishe. Na hapa naomba sana, achana na yule Mgogo wa vichekesho, mwenye lafudhi ya kuchekesha, ombaomba, mshamba wa mjini. Ameandikwa mno na hakuna ukweli mpya ndani yake. Huku kuna mkulima wa zabibu anayebishana bei kwa simu na wanunuzi wa mvinyo, kuna mama anayepiga ngoma ya muheme na ana wafuasi TikTok, kuna mzee ambaye shamba lake limepimwa viwanja na sasa malipo ya ardhi ya babu yake yanakuja kwa kontroli namba. Hao wako mtaani, wanasubiri kuandikwa.

Akili mnemba itakuandikia sura nzima ukiiomba, najua wapo wanaofanya. Itakupa Kiswahili kilichonyooka na mji usio na jina. Haijawahi kula ugali wa uwele na mlenda wala kukaa kwenye kikao cha mahari. Iache ikukagulie herufi basi.

Na stori inayopita kwenye mitambo ina nguvu, usiidharau kazi yako. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, na watafiti wakataka kujua kama mchezo wa redio kweli unabadilisha watu, wakafanya kulinganisha: sehemu nyingine zilisikia, eneo la mtambo wa Dodoma halikurushiwa mpaka 1995. Sehemu zilizosikia watu walionekana kubadilika zaidi. Sisi tulikuwa ndo wa kulinganishwa, wasiosikia. Mimi kila nikilikumbuka hilo nataka Dodoma iwe inatoa stori.

Kutupia, kuuza na kujilinda

Tupia sehemu kwa siku maalumu, mbili kwa wiki zinatosha, na uwe umeshaandika sehemu kumi mbele kabla hujatoa ya kwanza, maana ukiandika leo unatoa leo, siku ukiumwa grupu linakufa. Wengi wanatoa sehemu za mwanzo bure Facebook alafu nzima wanauza inbox kwa buku au buku mbili kwa mitandao ya simu, hiyo njia inafanya kazi, ila tenga namba ya biashara siyo namba ya familia. Wataiforwadi stori yako bila kulipa, hilo lipo, weka jina lako kwenye kila sehemu juu na chini.

Haki ya kazi ni yako tangu unapoiandika, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inasema hivyo, ila kuisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku mtu akichapa stori yako kwa jina lake. Usichukue skrinshoti halisi za watu ukaziita ubunifu, usiweke namba za kweli, badilisha majina, kazi na mtaa, maana kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila sheria yule mtu ni jirani yako. Picha na maandishi ya ngono nayo yatakufikisha polisi.

Ukishamaliza usiiache iishie kwenye simu. Kusanya sehemu zote kwenye faili moja, ondoa marudio ya "ilipoishia", unganisha sura fupi, mpe mtu asiyekuwepo kwenye grupu aisome mfululizo, atakuonyesha palipolegea. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iko chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania na washindi wa kwanza walipatikana Aprili 2023. Soma masharti yao kuhusu kazi zilizokwisha kusambazwa mtandaoni mapema kabisa, kabla hujatupia sehemu ya kwanza, ili ujue stori ipi unaitoa kwenye grupu na ipi unaitunza kwa ajili ya kupeleka huko.